Stabilaiza Haina Kosa: Sasipensheni ya Mbele ya Gari la Mchangani katika Mitaa ya Kiamaiko

Gari la mchangani, ambalo wapenzi wake hulijua kwa jina la bagi, ni gari jepesi lisilo na milango wala paa la chuma, lililobuniwa ili lipande na kushuka vilima vya mchanga bila kuzama, na kila anayetaka kulitumia mjini hukabiliwa na jambo ambalo mchanga haulidai sana, nalo ni uthabiti wa gari hilo linapokata kona ya lami likiwa na mwendo. Uthabiti huo hutegemea zaidi sasipensheni ya mbele, yaani mkusanyiko wa springi, mikono ya magurudumu na shokomzoba unaobeba pua ya gari, pamoja na kipande kimoja cha chuma ambacho mafundi wengi wa Nairobi hukitilia shaka bila sababu. Kipande hicho ni stabilaiza, fimbo iliyopindwa mfano wa herufi U, inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilalie upande mmoja kwenye kona.

Kiamaiko, mojawapo ya wadi za eneo bunge la Mathare upande wa Eastlands, inafahamika zaidi kwa mbuzi kuliko kwa magari, kwa kuwa soko lake la mifugo na nyama ndilo hupokea malori yanayotoka Isiolo, Marsabit na Moyale, na wafanyabiashara waliotoka kaskazini mwa Kenya ndio waliolijenga jina hilo. Hata hivyo, mwendo mfupi kutoka hapo ziko karakana za Kariobangi Light Industries, ambako mabomba ya chuma hukatwa, hupindwa na kulehemiwa kutwa kucha, na ambako fundi mwenye mchoro mzuri na mkono mtulivu anaweza kuunda fremu ya gari jepesi. Magari ya mchangani yenyewe si mengi jijini: yanayoonekana mara kwa mara ni yale ya fremu ya mabomba yanayoshindana katika autokrosi, na yale yanayowazungusha watalii pwani. Lakini mtu akiliunda la kwake na kulitoa barabarani hapo Kiamaiko, atapita kwanza vichochoro vyenye mashimo na mitaro iliyo wazi, kisha Juja Road, kisha Outering Road yenye njia pana za mwendo wa kasi, na muda si mrefu atakuwa kwenye barabara kuu ya Thika. Sasipensheni moja italazimika kuzitumikia njia hizo zote ndani ya safari moja, na hapo ndipo uchaguzi wake unapokuwa mgumu.

Asili ya gari hili inaeleza mengi kuhusu tabia zake. Bruce Meyers, mtaalamu wa kuunda mashua kutoka California nchini Marekani, alikamilisha gari lake la kwanza la faibaglasi mwaka 1964 na kuliita Meyers Manx, akitumia injini na sehemu nyingi za Volkswagen Beetle. Baada ya magari machache ya mwanzo aliacha kuunda bodi inayojibeba yenyewe, akaanza kuiweka juu ya sakafu ya Beetle iliyofupishwa kwa takriban sentimita 37. Mwaka 1967 gari la aina hiyo, likiendeshwa na Vic Wilson na Ted Mangels, lilishinda mbio za Mexican 1000 katika rasi ya Baja California, na tangu hapo watu wengi duniani wameiga njia hiyo: sakafu ya Beetle, injini nyuma, bodi nyepesi juu.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa imekwisha kuijua ekseli ya mbele ya Beetle miaka kadhaa kabla Meyers hajashika faibaglasi. Mbio za Coronation Safari zilipoanzishwa mwaka 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, Beetle ya Alan Dix na Johnny Larsen ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1954 Vic Preston alishinda na Beetle, mwaka 1957 ikawa zamu ya Gus Hofmann, na mwaka 1962 Tommy Fjastad. Ushindi huo wa mara nne haukupatikana kwa nguvu za injini, kwani injini ile ilikuwa dhaifu ikilinganishwa na za wapinzani wake, bali kwa uzito uliokalia magurudumu ya nyuma yanayosukuma kwenye matope, na kwa sasipensheni iliyovumilia vipigo vya barabara za murram kwa siku kadhaa mfululizo. Anayedhani kuwa mtambo huu ni wa kuchezea ufuoni tu anakosea.

Ekseli hiyo imeundwa kwa mabomba mawili yaliyolala, moja juu ya jingine, yakifungwa kwenye pua ya sakafu kwa bolti nne. Ndani ya kila bomba mna majani membamba ya chuma cha springi yaliyopangwa pamoja, yakishikwa katikati kwa skrubu, na kila ncha ya majani hayo imeshika mkono mfupi unaoelekea nyuma, ambao ndio hubeba gurudumu. Gurudumu likipanda, mkono huzunguka na majani husokoteka ndani ya bomba kama nguo inayokamuliwa, kisha hujirudisha. Kwa hiyo springi yenyewe haionekani kwa nje, haijai mawe wala matope, na haichukui nafasi. Springi ya namna hii huitwa springi ya msokoto, au tosheni kwa lugha ya gereji.

Uzuri wa mikono hiyo inayoelekea nyuma ni kwamba gurudumu hupanda na kushuka wima bila kubadilisha upana wa nyayo za gari, na gari huenda moja kwa moja hata barabara ikiwa mbovu. Kasoro yake hujitokeza kwenye kona. Mwili wa gari ukilala, magurudumu ya mbele hulala nao kwa kiwango kilekile, tairi la nje likabaki limekanyaga lami kwa ukingo badala ya uso wake wote. Isitoshe, muundo huu hauna kizuizi cha kimaumbile dhidi ya kulala huko, kwa sababu kitovu ambacho pua ya gari hulalia kiko chini kabisa, kwenye usawa wa barabara. Magari mengi ya kisasa yenye mikono miwili isiyolingana urefu, au yenye mguu wa MacPherson, ambao ni springi na shokomzoba zilizoshikamana katika nguzo moja, hupunguza sehemu ya kasoro hiyo kwa jiometria yake. Ekseli ya Beetle haiwezi, na ndiyo maana Volkswagen yenyewe iliongeza stabilaiza ya mbele kuanzia modeli ya mwaka 1960.

Kabla ya kuifikia stabilaiza, lipo suala la uzito ambalo waundaji wengi hulipita haraka mno. Beetle ya miaka ya 1960 ilikuwa na uzito wa takriban kilo 760, ilhali gari la mchangani lililojengwa juu ya sakafu yake iliyofupishwa huwa na takriban kilo 570, na sehemu kubwa ya upungufu huo inatoka juu na mbele, kwa kuwa injini na gia zimebaki nyuma palepale. Majani ya tosheni yaliyopimwa kwa pua ya Beetle huwa magumu kupita kiasi kwa pua ya gari jepesi namna hii, na matokeo yake ni kwamba pua hukaa juu, magurudumu hurukaruka kwenye changarawe badala ya kuifuata ardhi, na breki za mbele hufunga mapema kwa kukosa uzito juu yake. Dawa inayofaa ni kupunguza baadhi ya majani ndani ya bomba moja au yote mawili, huku vipande vya katikati na vya ncha vikiachwa ili mikono iendelee kushikwa, na kuchagua shokomzoba laini zinazolingana na uzito mpya. Shokomzoba, kifaa kinachotuliza mrukoruko wa springi, ikiwa ngumu kupita uzito wa gari haitulizi chochote. Hulifanya gurudumu ligande mahali pake, na kishindo chote kikaenda kwenye fremu na mgongo wa dereva.

Uchaguzi unaofuata ni kati ya vizazi viwili vya ekseli hiyo. Kizazi cha kwanza kinatumia kingipini na linkipini, yaani pini za chuma zinazopita ndani ya bushi za shaba na kuruhusu gurudumu kugeuka na kupanda. Cha pili, kilichoanza na modeli ya mwaka 1966, kinatumia boljointi, ambayo ni tufe la chuma lililofungiwa ndani ya kikombe. Boljointi hupunguza kazi ya matengenezo na huupa usukani wepesi, lakini tufe hilo lina kikomo cha pembe, na gari likiinuliwa sana au mkono ukishuka sana shimoni, shingo ya tufe hugonga ukingo wa kikombe na baada ya muda huweza kukatika. Linkipini huvumilia safari ndefu zaidi ya gurudumu, na pembe ya kulala kwa gurudumu, inayoitwa kemba, hurekebishwa kwa kupanga upya washa nyembamba zilizo kwenye pini, kazi inayofanyika kwa spana na subira. Gharama yake ni grisi: chuchu zote za grisi zisipojazwa mara kwa mara, vumbi la Eastlands huingia kwenye bushi za shaba, huchanganyika na mafuta ya zamani na kuwa tope linalokwangua pini. Fundi akishika tairi juu na chini gari likiwa kwenye jeki, kisha akalisukuma na kulivuta, mchezo wa pini zilizolika husikika kabla haujaonekana. Kwa barabara za Kiamaiko na kwa mwenye gari asiyechoka kushika bomba la grisi, linkipini ndiyo iliyo bora; kwa anayejijua kuwa hatalipaka gari grisi, boljointi isiyoinuliwa kupita kiasi itamdumu zaidi.

Sasa stabilaiza yenyewe, ambayo ndiyo inayozua ubishi mwingi. Ncha zake mbili hufungwa kwa vibano kwenye mikono ya chini ya magurudumu, na kila kibano kina bushi ya mpira ndani yake. Gari likikata kona, gurudumu la nje hupanda na la ndani hushuka, fimbo husokoteka kwa kuwa ncha zake zimekwenda pande tofauti, na upinzani wake huzuia mwili usilale. Katika karakana nyingi za Nairobi, si za magari ya mchangani pekee bali hata za Probox na matatu, husemwa kwamba stabilaiza ndiyo inayolifanya gari liwe gumu kwenye matuta, na wapo wanaoiondoa au kuacha linki zake zilizokatika zining'inie, wakiamini wamemfanyia mwenye gari hisani ya ulaini.

Imani hiyo haina msingi, na anayetaka kuthibitisha hahitaji kipimo chochote zaidi ya kufikiria kinachotokea juu ya tuta. Tuta la kawaida limekatiza barabara nzima, hivyo magurudumu yote mawili ya mbele hulipanda kwa wakati mmoja; ncha zote mbili za stabilaiza hupanda pamoja, fimbo huzunguka tu ndani ya bushi zake bila kusokoteka hata kidogo, na kwa sababu hiyo haiongezi ugumu wowote. Kishindo cha tuta ni cha springi, shokomzoba, tairi na mguu wa dereva kwenye kichapuzi. Mahali ambapo stabilaiza huhusika kweli ni kwenye shimo la upande mmoja, na kwa kuwa magari ya Kenya huendeshwa kushoto na lami huanza kumeguka ukingoni, gurudumu la kushoto ndilo hutumbukia zaidi, na sehemu ya mshtuko huo hupitishwa na fimbo hadi upande wa kulia. Hiyo ni gharama halisi, lakini ni ndogo, na haikaribii kabisa gharama ya kuikosa fimbo hiyo gari linapokwepa bodaboda ghafla likiwa na mwendo wa kilomita 70 kwa saa kwenye Outering.

Kwa gari lenye injini nyuma kuna sababu nyingine, nzito zaidi, ya kuitunza stabilaiza ya mbele. Volkswagen nyingi za zamani zina ekseli ya nyuma ambayo kila nusu yake hubembea kutoka ubavuni mwa gia. Nyuma ya gari ikinyanyuka katikati ya kona, gurudumu la nje hujikunja kuelekea ndani, tairi hukanyaga kwa ukingo, na mkia hutoroka ghafla bila kutoa onyo. Fimbo ya mbele huongeza mzigo kwenye tairi la mbele la nje na kupunguza mzigo unaohamia kwenye tairi la nyuma la nje, hivyo pua ndiyo huanza kuteleza kabla ya mkia, na dereva yeyote, hata asiye mzoefu, hujua la kufanya pua inapoteleza: huondoa mguu kwenye kichapuzi polepole na kulegeza usukani. Kuongeza stabilaiza ya nyuma kwenye ekseli ya namna hiyo, jambo linalofanywa na baadhi ya watu kwa kudhani kwamba mbili ni bora kuliko moja, huharibu usawa huo na kuurudisha mkia kwenye hatari yake ya awali.

Unene wa fimbo unastahili hesabu, kwa sababu macho hudanganya. Ugumu wa fimbo inayosokotwa huongezeka kwa kipeo cha nne cha unene wake, hivyo fimbo ya milimita 19 ina ugumu wa takriban mara mbili ya fimbo ya milimita 16 yenye umbo lilelile, ingawa mkononi tofauti yao haihisiki sana. Kwenye gari zito, fimbo nene ni faida; kwenye gari la kilo 570 lenye pua nyepesi, fimbo nene kupita kiasi hulinyanyua gurudumu la ndani hewani kwenye kona na kulifanya gari liwe kaidi kugeuka kwenye lami yenye maji. Stabilaiza ya asili ya Beetle, au iliyo nene kidogo kuliko hiyo, inatosha kwa matumizi ya mjini. Anayekwenda na gari hilo mchangani mara kwa mara afunge vibano vinavyofunguka kwa urahisi, aitoe fimbo akifika, ili kila gurudumu lifuate ardhi lenyewe, kisha airudishe kabla ya kushika lami tena.

Ubunifu wa jua kali unaheshimika, lakini katika kipande hiki una mipaka inayopaswa kusemwa wazi. Stabilaiza ni chuma cha springi kilichopikwa na kupozwa kwa utaratibu maalumu, na moto wa kulehemu hufuta utaratibu huo mahali ulipogusa. Fimbo iliyokatika ikaungwa huonekana nzima, lakini kando ya kiungo kuna eneo lililobadilika ambalo huweza kukatika tena, na safari hii pengine katikati ya kona. Vivyo hivyo kwa fimbo iliyotengenezwa kwa nondo ya ujenzi: siku ya kwanza itakuwa na ugumu uleule wa fimbo halisi, kwa kuwa vyuma vya aina zote hukaribiana kwa ugumu kabla ya kupinda, ila ikisokotwa kwa nguvu itabaki imepinda na gari litasimama upande. Majani ya tosheni nayo yatolewe ndani ya mabomba kabla ya mtu yeyote kulehemu kirekebisho cha urefu juu yake. Fimbo iliyotumika kutoka Japani, inayouzwa Kirinyaga Road kwa bei ya mtumba, ni bora kuliko mpya iliyobuniwa kwa nondo, mradi ukubwa wake ulingane na kazi.

Matatu ya abiria 14, inayopita Juja Road kutwa, inafunza somo la karibu kuhusu tosheni, kwa kuwa Toyota HiAce nayo imebebwa mbele na springi za msokoto, ingawa zake ni fimbo zilizolala kwa urefu wa gari. Bolti ya kurekebisha ikikazwa, pua huinuka, na wengi husema gari limekuwa gumu na imara. Kwa kweli springi haijawa ngumu hata kidogo: imeanza tu msokoto wake mbele zaidi, na gurudumu limepoteza sehemu ya safari yake ya kushuka, hivyo likikuta shimo huning'inia na kugonga mwisho wake badala ya kulifuata. Hali ni ileile kwa virekebisho vya ekseli ya Beetle. Urefu ni jambo moja na ugumu ni jambo lingine, na fundi anayeyachanganya mawili hayo humuuzia mteja kimo kwa bei ya uimara.

Urefu huo hugusa pia kasta, yaani kule kuegemea nyuma kwa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia, ambako ndiko huurudisha usukani katikati baada ya kona. Wenye magari ya mchangani hupenda matairi makubwa nyuma na madogo mbele kwa sababu ya sura. Mkia ukiinuka na pua ikashuka, mhimili husimama wima na kasta hupungua, na gari linaloenda vizuri Kiamaiko kwa kilomita 30 kwa saa huanza kutangatanga kwenye barabara ya Thika. Volkswagen huruhusu kuwekwa vipande vya chuma nyuma ya bomba la chini la ekseli, kati yake na pua ya sakafu, ili bomba hilo lisogee mbele na kasta irudi. Ni kazi ya bolti nne na vipande vyembamba, na huponya ugonjwa ambao watu wamekuwa wakiutibu kwa kubadilisha tairodi zisizo na hatia.

Upande wa sheria, gari lililobadilishwa muundo wake halina budi kukaguliwa na kusajiliwa jinsi lilivyo sasa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, na ni vyema mwenye gari akafika kwenye ukaguzi huo stabilaiza ikiwa imefungwa mahali pake na bushi zake zikiwa mpya.

Kwa gari la mchangani linalolala Kiamaiko na kufanya kazi Nairobi, basi, mpango unaofaa ni ekseli ya linkipini iliyopunguzwa majani, shokomzoba laini, kasta iliyorekebishwa kulingana na matairi, na stabilaiza ya mbele ya unene wa kiasi. Anayenunua gari kama hilo kutoka kwa mwenzake ainame achungulie mikono ya chini ya magurudumu ya mbele: akikuta alama za vibano zilizong'aa na fimbo haipo, aulize ilikokwenda, na asilipe hadi irudishwe.